Mvutano wa Berlin na Moscow wafichua udhaifu wa kufuli kuukuu

Mei 3, 2024, serikali ya Ujerumani iliishutumu Urusi kwa kudukua barua pepe za SPD, chama kilichokuwa kikiongoza serikali mjini Berlin. Ilisema waliohusika ni kundi la APT28, linalohusishwa na idara ya ujasusi wa kijeshi ya Urusi, GRU. Jamhuri ya Czech nayo ilisema taasisi zake zililengwa kwa njia hiyohiyo. Moscow ilikanusha. Siku tatu baadaye, Ujerumani ilimwita nyumbani balozi wake kwa mashauriano.

Katika mvutano huo, kilichozungumzwa kidogo ni mlango uliotumiwa na wadukuzi.

Kasoro ilikuwa katika programu ya Outlook ya kampuni ya Microsoft. Ujumbe wenye kikumbusho cha miadi uliiamuru kompyuta ikachukue faili ya sauti kwenye seva ya mbali. Kompyuta ilitii, na ili ipewe faili hiyo ikajitambulisha kwa utaratibu uitwao NTLM. Mwenye barua pepe hakuhitaji hata kuufungua ujumbe huo.

NTLM ilikuja na Windows NT mwaka 1993. Seva hutoa fumbo, na kompyuta hulijibu kwa kutumia alama iliyokokotolewa kutokana na nywila. Lakini kompyuta haina njia ya kuhakikisha kwamba anayeuliza ni seva halali. Mdukuzi anaweza kulipokea jibu hilo, akalifikisha kwenye seva ya kweli na kuingia kwa jina la mwingine.

Dawa ya zamani

Njia iliyo salama zaidi, Kerberos, ilibuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani miaka ya 1980, na Windows huitanguliza tangu mwaka 2000. Seva inayoaminiwa na pande zote hutoa tiketi ya muda, inayofungua seva moja tu iliyotajwa. Hata hivyo, kompyuta isipoweza kuifikia seva ya tiketi, Windows hurudi kimyakimya kwenye NTLM. Zipo pia mashine na programu kongwe zisizojua njia nyingine. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema wahenga. Lakini mbacha huu umekwisha kutoboka.

Oktoba 2023, Microsoft ilitangaza nia ya kuizima NTLM, na Juni 2024 ikaiweka katika orodha ya teknolojia zinazoachwa. Toleo lake la kwanza limeondolewa kabisa katika Windows 11 24H2. Kazi iliyobaki ni ya ofisi zenyewe: kubaini ni vifaa gani bado vinaitegemea, kabla ya kuifunga.

Kasoro ya Outlook ilizibwa Machi 2023, lakini kuziba ufa mmoja si kubadili kufuli. Balozi anaweza kuitwa nyumbani kwa siku moja. Kuiondoa NTLM katika ofisi za serikali na vyama kutachukua miaka.