Mafuta ya Ngozi ya Nyumbani: Uzuri Usitafutwe kwa Sumu



Siku hizi akina mama wengi, katika vikundi na majumbani mwao, wanatengeneza mafuta ya kupaka kwa nta ya nyuki na mafuta ya nazi au ya alizeti. Sisi wauguzi tunaipenda kazi hii. Wapo wanaosema afadhali ikatazwe kabisa. Hatukubaliani nao. Mafuta na nta, vikiandaliwa kwa usafi, hulinda ngozi kavu na hulainisha magaga ya miguu, tena kwa gharama ambayo familia inaimudu.

Wasiwasi wetu uko kwingine. Mafuta yakiganda chengachenga, au yakiwa mazito na ya njano, mnunuzi hugeuza uso. Hapo mtengenezaji huanza kutafuta vya kuongeza: maji ili yawe meupe, marashi ili yanukie, maji ya ndimu, na hata krimu ya kujichubua ili yasifiwe kuwa "yanang'arisha". Kopo linapendeza, lakini ngozi ndiyo inayolipa. Msimamo wetu ni kwamba sura nzuri ya mafuta itafutwe kwa moto, mkono na kipimo.

CHENGACHENGA ZINATOKA WAPI?

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi. Ukiimiminia mafuta ya baridi, huganda papo hapo na kufanya mabonge. Ukiacha mchanganyiko upoe polepole bila kukorogwa, unaweza kuganda punjepunje. Basi yeyusha nta na mafuta pamoja, katika bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke mafuta moja kwa moja juu ya jiko, maana yanaweza kushika moto. Vyote vikishayeyuka, ondoa bakuli, liweke ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge bila kuacha hadi yaanze kuwa mazito. Angalia tone la maji lisiingie. Yakikataa kulainika, yayeyushe tena, uanze upya. Hakuna kilichopotea.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 20 za nta kwa gramu 100 za mafuta. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kopo lililo gumu Njombe litakuwa uji Tanga. Penye joto ongeza nta kidogo. Penye baridi punguza. Kabla ya kumimina, dondoshea tone kwenye kijiko baridi, lipoe, ulisugue kwa kidole. Hapo utajua kama ni gumu au laini mno.

Ukitaka weupe, yapige kwa mwiko yanapokaribia kuganda. Hewa inayoingia huyafanya meupe na mepesi. Kama nta ina takataka, iyeyushe kwanza ndani ya maji, iache igande juu, ukwangue uchafu ulioshika chini ya bonge, kisha ikaushe kabisa.

MAJI NI MLANGO WA VIJIDUDU

Mafuta na maji havikai pamoja bila kitu cha kuvishikanisha. Hata vikishikana, penye maji ndipo kuvu na bakteria huzaliana, na viwanda huweka dawa ya kuzuia jambo hilo. Nyumbani hatuna dawa hiyo wala vipimo vyake. Alovera na maji ya matunda ni maji vilevile. Tena usisubiri kuona ukungu, kwani bakteria huweza kujaa katika mafuta yanayoonekana safi. Mama akiyapaka kwenye ngozi ya mtoto iliyopasuka, anapanda ugonjwa.

Ndimu nayo ikipakwa ngozini kisha mtu akatoka juani, huweza kuunguza na kuacha mabaka meusi. Marashi huwasha ngozi za wengi, hasa watoto na wenye pumu ya ngozi.

KRIMU ZA KUJICHUBUA

Hapa hatutapunguza maneno. Zebaki hupenya ngozini na kuharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta weusi mbaya kuliko ule uliokimbiwa. Krimu zenye steroidi, zikitumiwa ovyo, huifanya ngozi kuwa nyembamba, na kidonda huchelewa kupona. Nchi yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Nazo nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 zilikubaliana mwaka 2023 kwamba ifikapo 2025 zebaki iondolewe kabisa katika vipodozi. Anayechanganya krimu hizo katika mafuta ya kikundi anawauzia majirani zake sumu.

Wala mafuta ya nyumbani hayazuii jua. Ndugu zetu wenye ualbino wasiyategemee. Kwao kuna krimu maalumu ya Kilisun, iliyoanzishwa KCMC, Moshi, pamoja na kofia pana na nguo za mikono mirefu.

TUNACHOWAOMBA

Tengenezeni kidogo kidogo. Makopo yaoshwe, yachemshwe kama ni ya kioo, na yakauke kabisa. Andikeni tarehe na vyote vilivyomo. Chota kwa kijiko safi. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono kwa siku moja. Yakianza kunuka mafuta yaliyochacha, tupa. Mnaotaka kuuza, nendeni SIDO mpate mafunzo, na TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi.

Na wanunuzi nanyi mna sehemu yenu. Kopo la njano lisilonukia marashi msilidharau. Mkiendelea kudai weupe na harufu, mtauziwa weupe na harufu, na watoto wenu ndio watakaopakwa.