Maswali manne kwa kijana anayefunga ampli ndani ya gari

Hapa Saio vijana wanapenda kujifungia ampli wenyewe ndani ya gari. Tusiwakataze: kazi ya mikono ni masomo. Lakini hata mama asiyejua mambo ya waya anaweza kuuliza maswali manne, na kijana ajibu kwa kuonyesha.

Kwanza: umetoa waya wa alama ya kutoa kwenye bateri? Huo unatoka wa kwanza, unarudi wa mwisho.

Pili: fyuzi iko wapi? Ikae kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na bateri, isipite sentimita 45. Volti 12 kwa kawaida hazimrushi mtu, lakini waya huo ukigusa chuma cha gari bila fyuzi, unawaka na gari linaungua. Fyuzi ikikatika, tafuteni sababu. Msiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pake.

Tatu: waya ni mnene? Gawanyeni wati kwa volti. Ampli ya wati 240 kwa volti 12 ni amperi 20, na inavuta zaidi kwa sababu ya joto. Waya mwembamba wa spika hautoshi.

Nne: pale waya unapopita tundu la chuma, umevikwa mpira?

Muziki ukicheza dakika 10, guseni ganda la waya. Likiwa la moto, zimeni.

Na binti akitaka kujifunza, mwiteni naye.