Vipimo vya safari si vipimo vyako

Kiuyu, kama sehemu nyingi za kaskazini ya Pemba, ni nadra kukuta ukoo usio na mtu Maskati, Dubai au London. Njia hiyo si ngeni. Wapo waliovuka baada ya Mapinduzi ya 1964, wakafuata wengine baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala na kuwataka Waomani waliotawanyika warudi kujenga nchi. Leo wanaoondoka ni vijana, na wengi wao ni wanawake wanaokwenda kufanya kazi za ndani. Mmoja akipata safari, nyumba nzima hushughulika. Hutafutwa pasipoti, hukopwa nauli, husomwa dua, na mkoba hujazwa mpaka zipu inakataa. Kuhusu afya hufanywa jambo moja tu: kupima vile vinavyotakiwa na nchi anayokwenda. Majibu yakiwa mazuri, watu husema mambo yamekwisha.

Wewe unayejiandaa kuondoka, au mzazi unayemuandaa mwanao, safu hii leo inataka kukwambia kwamba hayajakwisha.

Anayekwenda kufanya kazi nchi za Ghuba hupimwa kabla ya safari katika kituo kilichoidhinishwa na nchi hizo, na akifika hupimwa tena kabla ya kupewa kitambulisho cha ukaazi, ile wanayoiita betaka. Huangaliwa kifua kikuu kwa picha ya kifua, virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, kaswende, na wanawake huangaliwa ujauzito. Yote hayo ni kuilinda nchi inayokupokea. Wana haki ya kufanya hivyo. Lakini ujue kwamba neno "anafaa" kwenye ile karatasi maana yake ni kwamba unafaa kwao. Huenda hakuna aliyekuuliza kama unapata hedhi nzito hadi damu inapungua, kama jino linakuuma usiku, au kama mkojo wako huwa na damu.

Hili la mwisho tulikalie kidogo, maana ni letu hasa.

Kichocho kimeishi na watu wa Pemba kwa vizazi. Watoto wetu hukipata wakioga na kuchezea mito na madimbwi yenye konokono wa maji baridi, na wazazi wengi hukichukulia kama kitu cha ukubwani kitakachoondoka chenyewe. Minyoo yake inaweza kukaa mwilini miaka mingi. Mtu anaweza kuhama Kiuyu akiwa na umri wa miaka 20 na ugonjwa ukamdhihirikia akiwa ghorofani Maskati, mahali ambapo daktari, akisikia damu kwenye mkojo, atafikiria kwanza mawe ya figo. Kwa mwanamke mambo ni magumu zaidi. Mayai ya kichocho hujikita pia kwenye njia ya uzazi, yakaleta uchafu ukeni, maumivu chini ya kitovu na kutokwa na damu. Daktari asiyekijua kichocho anaweza kudhani ni ugonjwa wa zinaa. Mfikirie msichana ambaye hajaolewa, yuko kwenye nyumba ya watu, anatuhumiwa hivyo mbele ya tajiri wake kwa ugonjwa alioupata akifua nguo mtoni na mama yake!

Dawa yake ipo. Praziquantel ni vidonge vya kumezwa kwa siku moja, na hapa kwetu hugawiwa bure katika kampeni za skuli na majumbani. Kwa hiyo kabla hujaondoka, nenda kituo cha afya ukapime mkojo na choo, utibiwe kichocho na minyoo mingine. Na ukishafika huko, ukiona dalili, mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka Pemba na kwamba kuna kichocho. Usingoje akuulize, kwa sababu hatouliza.

Siku hiyo hiyo ukiwa kituoni, pima presha, sukari na wingi wa damu. Ulizia chanjo ya homa ya ini aina ya B, na anza mapema kwa kuwa inatolewa kwa dozi zaidi ya moja kwa kipindi cha miezi. Kama kwenu kuna selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, jua hali yako. Ipo pia kasoro ya kurithi ya chembe nyekundu za damu iitwayo G6PD, ambayo huwafanya baadhi ya watu wapungukiwe damu ghafla wakipewa dawa fulani. Madaktari wa Oman wanaijua vizuri kwa kuwa kwao ni ya kawaida, na pengine ndiyo itakayokuwa suali lao la kwanza.

Majibu yote hayo omba nakala, uyapige picha, na umtumie mtu mmoja unayemuamini nyumbani. Simu inaweza kupotea, na inaweza kuchukuliwa. Anayetumia dawa kila siku achukue za kutosha miezi miwili au mitatu zikiwa kwenye paketi zake, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la kitaalamu la dawa, si jina la kiwandani peke yake. Dawa za maumivu kama tramadol na zenye kodeini hudhibitiwa vikali Ghuba, na wapo waliozuiliwa uwanja wa ndege kwa vidonge walivyopewa hospitali kihalali lakini hawana karatasi. Unga wa dawa za majani uliofungwa kwenye mfuko usio na jina ni vyema ukauacha nyumbani. Najua bibi atanuna. Afisa wa forodha hamjui bibi.

Sasa umefika. Suali la kwanza si wodi iko wapi, ni nani atakayelipa. Sisi tumelelewa kwamba hospitali ya Serikali ni ya kila mtu. Mgeni huko hayuko hivyo. Kanuni za Oman za mwaka 2004 kuhusu wafanyakazi wa ndani zilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi chakula, malazi na matibabu. Kwenye karatasi ni vizuri. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na wengi walieleza pasipoti kuzuiliwa, kukosa siku ya mapumziko na kufanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Mtu wa namna hiyo hawezi kwenda kliniki kwa miguu yake. Ndiyo maana suali la matibabu huulizwa kabla ya kusaini, ukiwa bado Pemba, mbele ya wakala na mzazi wako. Nikiumwa nani ananipeleka? Nani analipa? Siku za ugonjwa mshahara unakatwa? Majibu yaandikwe kwenye mkataba ulio kwa lugha unayoisoma, na nakala ibaki Kiuyu. Wakala anayekasirika kuulizwa maswali hayo amekwishakujibu.

Ukishafika, hifadhi namba mbili kichwani, si kwenye simu tu: 9999, ambayo ni ya dharura kwa Oman nzima, na ya Ubalozi wa Tanzania uliopo Maskati. Anayekwenda Saudi Arabia au Dubai atafute za huko kabla ya kupanda ndege.

Kwa lugha, Mpemba ana bahati ambayo Mfilipino hana. Maskati unaweza kukutana na muuguzi, hata daktari, aliyekulia nyumba inayozungumza Kiswahili. Omba kwa adabu kama yupo. Asipokuwepo, tayari una maneno zaidi ya unavyodhani, kwani dawa ni dawa, tabibu ni tabib, damu ni dam. Jifunze machache mengine: waja ni maumivu, batn ni tumbo, sadr ni kifua, hamil ni mjamzito, na hasasiya ni mzio, yaani dawa au chakula kinachokudhuru. Jambo moja la kuangalia ni mkalimani. Mama mwenye nyumba akikufasiria, usitegemee kwamba kila unachosema kinafika, wala kwamba kinabaki siri. Ukiweza, mwambie daktari unataka kuzungumza naye peke yako.

Na hapa pana jambo ambalo magazeti hulikwepa. Katika nchi nyingi za Ghuba, ujauzito nje ya ndoa ni kosa la jinai, na hospitali humtaka mjamzito aoneshe cheti cha ndoa. Mke anayemfuata mumewe asiondoke bila cheti hicho kikiwa kimetafsiriwa Kiarabu na kuthibitishwa. Wapo waliooana kihalali mbele ya shehe na mashahidi wote wa kijiji, halafu wakahangaika kwa kukosa karatasi. Na msichana aliyebakwa, ambaye huko anaogopa hospitali na anaogopa polisi, awe na namba ya ubalozi na ya mtu wa nyumbani ambaye hatomlaumu. Wazazi, hilo la kutomlaumu mnalitengeneza sasa, kabla hajaondoka.

Joto nalo lisidharauliwe. Sisi tunalijua jua, lakini jua letu lina upepo wa bahari. Maskati mwezi wa Juni hupita nyuzi 40. Sheria ya Oman inakataza kazi za nje kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, lakini anayefanya kazi jikoni au juu ya dari hakuna anayemkagua. Kunywa maji hata kama hujasikia kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mwili unakuomba maji. Wafanyakazi wa ndani wengi hunywa kidogo makusudi ili wasiende chooni mara kwa mara, au huuzuia mkojo kwa kuwa kazi haijaisha. Huko ndiko kunakotoka maambukizi ya njia ya mkojo. Homa pamoja na maumivu ya kiuno na kutetemeka si uchovu, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Homa ya wiki za mwanzo ina habari nyingine. Zanzibar imeipunguza sana malaria, na ndiyo hasa sababu miili yetu imeanza kuisahau. Ukishikwa na homa ndani ya miezi mitatu tangu kuondoka, hasa kama ulipita Dar es Salaam au Tanga, sema: nimetoka Afrika Mashariki, naomba nipimwe malaria. Usipoitaja, watakupa dawa ya mafua, na malaria kali haisubiri.

Anayekwenda Uingereza anakutana na mambo tofauti. Aliyeomba viza ya zaidi ya miezi sita hulipia huduma ya afya mapema, paundi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mwanafunzi, na kutoka Tanzania hutakiwa pia kipimo cha kifua kikuu. Wengi hulipa fedha hizo kisha hukaa mwaka mzima bila kujiandikisha kwa daktari wa mtaani, wakidhani mtu huenda akiumwa. Jiandikishe wiki ya kwanza. Ni bure, na England kituo hakitakiwi kukukatalia kwa sababu huna hati ya anwani. Mkalimani wa Kiswahili unaweza kumuomba bila malipo, mara nyingi kwa simu. Shida isiyo ya dharura piga 111, ya kufa na kupona piga 999. Na usishangae ukinyimwa antibayotiki. Huko haziuzwi dukani kama pipi.

Kuna maradhi yasiyoonekana kwenye picha ya kifua. Mtu amezoea nyumba yenye watu kumi na mbili na baraza lenye majirani, anajikuta chumba cha nyuma peke yake. Analala saa nne kwa usiku, hali, analia akikoga. Akisema, wa nyumbani wanamuuliza kama amerogwa au ana shetani, halafu wanamuuliza fedha ya mwezi huu imetumwa lini. Kukosa usingizi na hamu ya kula zaidi ya wiki mbili, au kutamani kufa, ni ugonjwa na una tiba. Kisomo hakikatazwi, lakini kiende pamoja na daktari.

Kwa mliobaki Kiuyu, akipiga simu muulizeni kwanza: umekula nini leo, umelala saa ngapi, mara ya mwisho umetoka nje lini? Mkimuona sauti imebadilika, au simu anaipokea mtu mwingine kila mara, nendeni kwa sheha na kwa wakala mkiwa na ile nakala ya mkataba.

Naye akirudi likizo baada ya miaka, mwekeeni chandarua kitandani usiku wa kwanza, yeye na watoto waliozaliwa huko.