Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Januari isimvue mtoto sare inayomtosha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.
Nakala: Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mzazi na ni fundi cherehani. Watoto wangu wanasoma shule za serikali, na sare za watoto wa mtaani kwetu, Temeke, zinapita mikononi mwangu mwaka mzima. Nina ombi moja. Wizara yako itoe waraka useme wazi kwamba mwanafunzi anayerudi shuleni Januari na sare, begi, viatu na madaftari ya mwaka uliopita, vikiwa safi na vizima, hana kosa, na kwamba hakuna shule, ya serikali wala ya binafsi, inayoruhusiwa kumdai mzazi vitu vipya kwa sababu tu mwaka umegeuka.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulituondolea ada, na tangu Januari 2016 watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia darasani. Mwaka 2022 wakaongezwa wa kidato cha tano na cha sita. Tunashukuru, na tunashukuru kwa dhati. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulipogawa majukumu, sare, madaftari na kalamu vilibaki kwa mzazi. Nalo ni sawa, mtoto ni wetu. Ila tangu hapo, kwa familia nyingi, gharama ya shule iko dukani na kwa fundi. Wiki ya kwanza ya Januari Kariakoo haipitiki, na mwezi ndio ule ule ambao mwenye nyumba anadai kodi yake, na ndugu zetu wa Ruvuma, Njombe na Mbeya wanahangaika na mbolea. Fedha inayotoka nyumbani mwezi huo kununua kitu ambacho tayari kipo, na ni kizima, ni fedha iliyopotea. Ingenunua chakula cha mtoto, au kitabu.

Niseme ninachokijua kwa mikono yangu, Mheshimiwa, maana huko ofisini huenda hakifiki.

Sketi ya shule iliyoshonwa vizuri huwa na pindo la vidole vinne. Mtoto akirefuka, fundi anafumua pindo, anapiga pasi, anashusha vidole viwili, na bado vinabaki viwili vya mwaka unaofuata. Pale palipokuwa na mkunjo hubaki mstari uliokoza kidogo, kwa kuwa kitambaa kilichojificha ndani hakikuliwa na jua wala sabuni kama cha nje. Mstari huo hauna ubaya wowote. Kaptula nayo, fundi anayejali huacha akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, mtoto akinenepa inatanuliwa. Inapoanza kuisha ni makalioni, kwa sababu ya dawati, na hapo hutiwa kiraka kwa ndani na kupigwa mashine kwa uzi wa rangi ile ile hata usikione. Shati jeupe huanza kufa kwenye kola. Kola hufumuliwa, ikageuzwa, upande uliokuwa chini ukaja juu, na shati likarudi kuonekana jipya. Ni kazi ya muda mfupi na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya shati. Mama zetu walifanya hivyo, na sisi tuliosoma kwa mashati yaliyogeuzwa kola tulijua kusoma kama wenzetu.

Sasa chukua sare inayouzwa tayari msimu wa Januari. Igeuze ndani nje. Utakuta pindo la kidole kimoja, mshono uliopitishwa ovaloki tu, hakuna akiba kiunoni wala mgongoni. Mtoto akiongezeka kidogo, nguo imekwisha, hata kama kitambaa bado kina nguvu. Mwenye kuishona anajua kwamba mzazi atarudi mwakani, kwa hiyo hana sababu ya kuacha akiba. Mazoea ya kununua upya kila mwaka ndiyo yamezaa sare isiyodumu, halafu sare isiyodumu ndiyo inatolewa kuwa sababu ya kununua upya.

Viatu ni jambo jingine, na hapa sina ubishi. Mguu wa mtoto hauna subira. Mtoto wa madarasa ya chini anaweza kubanwa na kiatu kabla mwaka haujaisha, na kumvalisha kiatu kinachombana ni kumuumiza. Kiatu kibadilishwe mguu unapodai, iwe Januari au Julai. Lakini kile kilichoachwa kinaweza kuvaliwa na mdogo wake au mtoto wa jirani, kama kilikuwa kiatu cha kweli. Kiatu cha ngozi hushonwa soli upya. Hivi vya plastiki vilivyojaa madukani hukatika pale vidole vinapokunjika, na fundi viatu hana la kufanya. Tunacho kiwanda cha viatu vya ngozi Karanga, Moshi, ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF. Serikali ingeweza kukifanya kiatu cha shule cha ngozi, cha bei inayofikika, kuwa jukumu lake la kwanza, kisha Shirika la Viwango, TBS, liweke kiwango cha kiatu cha mwanafunzi na kukisimamia.

Begi linakufa zipu au mkanda, vyote viwili vinatengenezeka. Na madaftari? Darasa la saba hufanya mtihani wa Taifa Septemba, darasa la nne hupimwa Oktoba. Kufikia hapo mzazi ameshanunua madaftari ya muhula wa pili. Yapekue Desemba uone kurasa nyeupe. Mwanafunzi anayeingia darasa la tano angeweza kupiga mstari, akaandika mwaka mpya, akaendelea. Zipo shule zinazokataa, zinataka kila somo daftari jipya, tena la kava la rangi fulani. Mwalimu mwenye darasa kubwa ana haki ya kutaka utaratibu wa kusahihisha, na simlaumu. Lakini utaratibu unapatikana kwa lebo iliyoandikwa vizuri na kava la gazeti.

Mheshimiwa, mambo mengi kati ya haya mzazi angeyamaliza mwenyewe kama shule isingemfungia njia. Mteja wangu mmoja, mama anayeuza mboga, alipewa karatasi ya shule Desemba: kuanzia Januari sweta litakuwa na mistari miwili shingoni badala ya mmoja, na litapatikana shuleni tu. Watoto wake wawili walikuwa na masweta mazima. Aliniletea akiuliza kama naweza kuongeza mstari wa pili kwa uzi. Niliweza, na niliuongeza. Mwalimu wa zamu aliukataa mstarini, mbele ya wanafunzi wengine, na mtoto akarudi nyumbani analia. Shule siitaji, kwa kuwa haiko peke yake. Kila Januari viongozi wa TAMISEMI husisitiza kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa sare. Agizo hilo ni jema, lakini linamlinda asiye na sare kabisa. Aliye na sare ya mwaka jana, au aliyeongezewa mstari na fundi, halimtaji.

Najua yatakayosemwa, na ninayapima kwa uzito wake. Litasemwa la biashara: wauza sare, wafumaji wa masweta na mafundi kama mimi tunaishi kwa Januari. Nami nasema kazi ya ukarabati ni kazi. Mtaa ambao watu wanashusha mapindo, wanageuza kola na kubadilisha zipu unampa fundi riziki miezi yote kumi na miwili, wakati Januari ya leo inampa wiki tatu za kukesha kisha ukame. Sitaki kula kwa kumuuzia jirani yangu kitu ambacho mwanawe hakihitaji. Nataka aje kwangu anapokuwa na shida ya kweli.

Litasemwa pia la furaha ya mtoto. Hilo nalikubali kwa moyo wote kwa anayeanza darasa la kwanza na anayeingia kidato cha kwanza. Hao wanaanza safari, sare zao ni nyingine kabisa, na mzazi akiweza awavalishe vipya. Wa darasa la tatu anayeingia la nne anaweza kupewa furaha kwa kitu kimoja, mkebe wa hesabu au kitabu cha hadithi. Kinachomnyima furaha mtoto huyo ni kuchekwa, na kuchekwa kunakoma mwalimu anaposimama mstarini na kuwaambia wanafunzi kwamba sare safi ni sare kamili.

Wala sisemi kwamba sare si kitu. Ni kitu kikubwa, na ushahidi upo karibu. Kuanzia mwaka 2003, magharibi mwa Kenya, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule za msingi 328. Katika baadhi ya shule hizo wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kuwa walioacha shule walipungua, na kwa wasichana mimba na ndoa za mapema zikapungua pia. Nguo hiyo moja inaweza kumbakiza binti darasani. Kwa hiyo kila sare nzima inayotupwa Januari au kugeuzwa tambara la kudekia Temeke ni sare aliyoikosa binti mwingine, huenda wa shule ile ile.

Na kuna jambo la dharura. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao waliowatangulia watamaliza la saba. Januari 2028 mikupuo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Najua Wizara inahesabu vyumba vya madarasa. Hesabuni na sare pia. Sketi, suruali, masweta na viatu vya sekondari vitahitajika kwa wingi ambao soko halijawahi kuuona, na bei itapanda kwa yule asiye nacho. Kila sekondari ikianza sasa kukusanya sare nzima kutoka kwa wanaomaliza kidato cha nne, zikafuliwa, zikarekebishwa na kuwekwa kwenye kabati chini ya kamati ya wazazi, akiba hiyo itawafaa watoto wengi siku hiyo.

Ninayoyaomba hayahitaji bajeti kubwa. Waraka useme sare na vifaa vya mwaka uliopita vinakubalika vikiwa safi na vizima. Shule isibadilishe rangi wala mshono bila idhini ya Wizara na bila kuwapa wazazi miaka mitatu ya kutumia walivyo navyo. Nembo iuzwe peke yake, kipande cha kushonea, ili mzazi anunue shati popote na fundi amalizie. Orodha ya mahitaji ya mwaka mpya ibandikwe shuleni ifikapo Oktoba, ikionyesha kipi ni cha lazima na kipi kinaendelea. Shule inayolazimisha duka moja iangaliwe na Tume ya Ushindani, ambayo ipo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Hata Uingereza, nchi tuliyorithi kwake mtindo wa sare, Bunge lilipitisha mwaka 2021 sheria ya gharama za sare, na mwongozo wake unazitaka shule za England zipunguze vitu vyenye nembo na kuhakikisha wazazi wanaweza kupata sare zilizokwisha kutumika. Kama wao wenye uwezo kuliko sisi wameona haja, sisi tunasubiri nini?

Mheshimiwa Waziri, shule hufungwa mapema Desemba, na wazazi wengi huanza kununua kabla ya Krismasi kwa kuogopa bei ya Januari. Waraka ukitoka Desemba utatukuta tumeshatoa fedha. Tunakuomba utoke kabla ya Oktoba, usomwe kwenye vikao vya wazazi, na ubandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kila mwalimu mkuu, mzazi aweze kuunyooshea kidole.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mzazi na fundi cherehani,
Temeke, Dar es Salaam.