Kiti Kipimwe kwa Mwenye Kukikalia

Ndugu wafanya kazi,

Katika mikutano yetu twazungumza sana juu ya mshahara, likizo, nyumba na fidia ya ajali. Hayo ni mambo mema, wala sisemi tuyaache. Lakini liko jambo moja ambalo sijasikia likitajwa mkutanoni hata siku moja. Mfanya kazi akiumia hata asiweze kutembea tena, je, kiti cha magurudumu anachopewa ni kiti chake yeye, au ni kiti tu?

Naandika haya kwa sababu ya mambo yaliyotokea nyumbani kwetu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa akifanya kazi katika machimbo ya mawe. Siku moja jiwe lilimwangukia, na hospitalini akakatwa miguu yote miwili juu ya magoti. Baada ya miezi mingi alipewa kiti cha magurudumu. Kililetwa na mabwana waliovaa tai, picha zikapigwa, nasi sote tukapiga makofi. Kiti kilikuwa kipya chang'aa. Lakini katika wale mabwana hapakuwa na hata mmoja aliyekuja na utepe wa kupimia.

Jioni ile ile shemeji alijaribu kupanda kijilima cha kuingia mlangoni. Kiti kiliinuka mbele, akaanguka chali, akapiga kisogo chini. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Watu wakasema ati hajazoea. Yeye mwenyewe akakichukia, kikawekwa nyuma ya nyumba, kuku wakataga juu yake, naye akakaa mkekani mwezi mzima.

Mimi ni fundi wa mabehewa. Nilipokitazama kwa jicho la kazi niliona kwamba kosa si la shemeji. Kiti kile kiliundwa kwa mtu mwenye miguu. Miguu ina uzito, nao hukaa mbele, ukiyashikilia chini magurudumu madogo. Miguu ikiondoka, uzito wote hurudi nyuma juu ya ekseli ya magurudumu makubwa, na kijilima kidogo tu chatosha kukipindua kiti. Dawa yake ni kuisogeza ekseli nyuma. Basi mimi na mwenzangu tulikata mabamba mawili ya chuma, tukayatoboa, tukayafunga kwa bolti katika fremu, ekseli ikarudi nyuma sentimita 15. Shemeji hakuanguka tena.

Lakini sisemi haya ili nijisifu, maana baada ya majuma mawili alianza kulalamika mabega. Tulikuwa tumezidisha. Ekseli ikienda nyuma mno, mikono hutaabika kuyafikia magurudumu, na uzito huyalemea yale madogo ya mbele, yakazama katika matope. Mtaalamu wa viungo alimtazama akijisukuma, akatuambia turudishe kidogo. Tukatoboa matundu mengine, tukaacha sentimita 7. Leo shemeji huenda sokoni peke yake, na hapo sokoni hushona viatu. Kazi hiyo ilitugharimu mabamba mawili, bolti nane na Jumamosi mbili.

Hapo nilijifunza kwamba fundi peke yake hatoshi, na daktari peke yake hatoshi. Tena wote wawili hawatoshi wasipomwuliza mwenye kiti. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sisi watu wa reli tusihitaji kufundishwa jambo hili. Njia ya reli ya zamani ina upana wa mita 1, na ile mpya iliyoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435. Hakuna fundi atakayelichukua behewa la njia moja akaliweka juu ya njia nyingine, kisha alilaumu behewa likianguka. Mbona basi twamlaumu mtu?

Na miili haifanani. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo hana hisia ya chini. Akikalia ubao mgumu hupata kidonda bila kusikia maumivu, na kidonda hicho chaweza kumwua. Huyo lazima apate mto uliotengenezwa kwa mwili wake. Mtu aliyepooza upande mmoja hujisukuma kwa mkono mmoja na mguu mmoja, kwa hiyo kiti chake kishushwe hata mguu ule ufike chini. Kiti kikiwa kipana kupita nyonga, mtu huinama upande na mgongo hupinda. Magurudumu madogo membamba yafaa sakafu ya hospitali, lakini katika njia zetu za mchanga na matope yatakiwa mapana zaidi. Hata wale wenye viti vya umeme, ikiwa mkono wa kulia haufanyi kazi, kishikio cha kuongozea chaweza kuhamishwa upande wa kushoto. Mambo haya si anasa.

Nikiwa shule ya misheni tulisimuliwa habari za Daudi, jinsi mfalme Sauli alivyomvika mavazi yake ya vita. Yalikuwa mavazi mazuri ya kifalme, lakini Daudi hakuweza kwenda nayo, akayavua. Hakuna aliyesema kwamba Daudi hana shukrani.

Tena kiti chenyewe kina historia ya ajali ya kazi. Huko Marekani, Herbert Everest, mhandisi wa migodi, aliumia mgongo katika ajali ya mgodi mwaka 1918. Mwaka 1933 yeye na rafiki yake Harry Jennings, aliyekuwa mhandisi wa mitambo, waliunda kiti cha mabomba ya chuma kinachokunjika, kipate kuingia katika motokaa. Kiti kile kilitengenezwa kwa haja ya mtu mmoja. Baadaye viwanda vikakiiga kwa maelfu, na leo mtindo ule ule hugawiwa kila mtu, mrefu na mfupi, mwenye miguu na asiye nayo.

Wako watakaosema kwamba kiti cha kupimwa ni ghali, na kwamba apewaye bure asichague. Nawajibu hivi: kiti ghali ni kile wanachotagia kuku. Na neno hili "bure" tuliangalie sana. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha ya kazini yamtaka mwajiri alipe gharama zinazostahili za kupata, kutunza, kutengeneza na kubadili miguu ya bandia, magongo na vyombo vinginevyo vya walemavu, ikiwa mtu aliumia kazini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema mlemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa nchi zenye uwezo mdogo, ya kwamba mtu apimwe, kiti kirekebishwe kimfae, afundishwe kukitumia, kisha afuatwe baadaye. Basi hii si zawadi ya kupigiwa makofi, na mwenye haki haambiwi anyamaze.

Wala ufundi si haba. Chama cha Walemavu wa Viungo, APDK, kilichoanza mwaka 1958, kimeunda viti vya magurudumu hapa Kenya kwa miaka mingi. Na mafundi wa jua kali wajua kuchomelea na kubadili beringi.

Kwa hiyo naomba halmashauri ya chama chetu, wakati mapatano na mwajiri yatakapofanywa tena, itie maneno haya. Kwanza, memba aliyeumia kazini apimwe na mtaalamu kabla ya kiti kununuliwa. Pili, kiti kijaribiwe mlangoni kwake na katika njia anayopita, si katika ukumbi wa picha. Tatu, baada ya miezi mitatu atazamwe tena, na gharama za fundi ziwe juu ya mwajiri. Nne, tairi, tyubu na beringi ziwe za namna inayopatikana katika maduka yetu ya baiskeli, maana kiti kinachongoja tairi kutoka ng'ambo ni kiti kilichokufa.

Nanyi ndugu wa matawi, msingoje halmashauri. Kila tawi lina mtu wake aliyeumia, naye haji mkutanoni. Mwendeeni kwake mkaulize kama haji kwa sababu hataki, au kwa sababu kiti chake kiko nyuma ya nyumba. Mkienda, chukueni utepe wa kupimia na spana.

Ni mimi ndugu yenu,
Fundi wa Mabehewa