Klova ya Kinangop na Mbuzi wa Nadapal

Atakayefungua kitabu chochote cha malisho hatachelewa kukutana na sifa za klova. Ni mmea wa jamii ya kunde. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Ng'ombe huupenda, na shamba lililopandwa klova huliachia rutuba zao lifuatalo. Yote hayo ni kweli, nami sina ugomvi na klova. Ugomvi wangu ni na desturi ya kuichukua dawa iliyomfaa mkulima wa Kinangop na kumnywesha mfugaji wa Nadapal bila kumpima kwanza.

Klova nyeupe ya Kenya ni mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Waaustralia waliona thamani yake, wakaistawisha kwao na kuiita Safari. Lakini ni mmea wa ubaridi na mvua. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, tena si kila mwaka, na joto la mchana aghalabu hupita nyuzi 35. Atakayemwaga mbegu ya klova kwenye mchanga huo atakuwa amewalisha ndege.

Isitoshe, Turkana imekwisha kuonja mmea wa kigeni wa jamii hiyo hiyo ya kunde uliokuja na ahadi kama hizo: mathenge. Ulisambazwa katika nchi kavu za Kenya miaka ya 1970 na 1980, ili uzuie jangwa, utoe kuni na ulishe mifugo. Ulistahimili ukame, hilo hatuwezi kuunyima. Kisha ukavamia kingo za mito na kuziba malisho, na maganda yake yenye sukari nyingi yakaoza meno ya mbuzi. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali mjini Nairobi, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Wengine walicheka. Mwenye mbuzi hakucheka.

Je, Nadapal haina mmea wa kulisha mifugo na kuirutubisha ardhi? Unao, na wenyewe wanauita ewoi, mgunga wenye kivuli kama mwavuli. Nao ni wa jamii ya kunde. Maganda yake hudondoka wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha, na lishe yake huzishinda kwa mbali nyasi zilizokauka. Watafiti Robin Reid na James Ellis walionyesha mwaka 1995 jambo ambalo wafugaji wa kusini mwa Turkana walikuwa wakiliona siku zote: mbuzi hula maganda, mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa nzima, na mvua inyeshapo miche huota katika samadi ya mazizi yaliyohamwa. Yule mbuzi anayelaumiwa kila siku kwa kuleta jangwa, kumbe ndiye mpanda miti.

Miti hiyo haikuachwa bila mwenyewe. Kandokando ya mto Turkwel familia huwa na ekwar, yaani haki ya kutumia miti ya sehemu fulani ya ukingo, hasa maganda yake. Edmund Barrow, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi huko miaka ya 1980, aliueleza utaratibu huo kwa kirefu. Pamoja na hayo, mipango mingi huendelea kuutazama ukingo wa mto kana kwamba ni pori la yeyote.

Hapo ndipo penye hatari. Ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliwaua mbuzi wengi mno, na aliyepoteza mifugo hana cha kuuza ila mkaa. Mji wa Lodwar unaupika chakula kwa mkaa huo. Kakuma, yenye kambi ya wakimbizi tangu 1992, nayo inahitaji kuni kila siku. Mgunga wa miaka hamsini huangushwa kwa siku moja, na pamoja nao huanguka akiba ya kiangazi kijacho.

Penye maji ya mfereji wa Turkwel, kunde, fiwi na lusina zina nafasi yake, na mwenye kipande cha shamba asikatazwe kuzijaribu. Lakini wafugaji wengi hawana mfereji. Kwa hao, serikali ya kaunti na mashirika yatenge fedha za kununua maganda ya mgunga msimu wa kudondoka, kwa bei itakayomfanya mwenye mti afikiri mara mbili kabla ya kushika shoka. Yahifadhiwe ghalani, yasagwe pamoja na mbegu zake, kwani mbegu nzima humpita mbuzi bila kumfaa, kisha yauzwe kwa wafugaji ukame unapobisha hodi. Na haki ya ekwar iandikwe wakati wa kusajili ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kwa majina ya familia zenyewe, wajane wakiwemo, kabla ukingo wa Turkwel haujagawiwa wageni wenye ramani.