Seli Shina au Faibroblasti? Maoni kuhusu Istilahi na Ushahidi

Mjadala wa uundaji wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili mara nyingi umeishia kwenye umbo la neno: litoholewe, litafsiriwe, au liundwe upya? Katika maoni haya ninakusudia kuangalia jambo jingine, yaani dai linalobebwa na istilahi. Mfano wangu ni seli zipatikanazo katika shahamu ya binadamu na tatizo la kuzipambanua na faibroblasti zinapooteshwa maabarani.

Mwaka 2001 Patricia Zuk na wenzake, huko Los Angeles, walieleza kwamba shahamu iliyofyonzwa mwilini ina seli ziwezazo kugeuka kuwa seli za mafuta, mfupa, gegedu na misuli. Seli za namna hiyo huitwa seli shina. Faibroblasti, kwa upande wake, ni seli za tishu unganishi zinazotengeneza kolajeni. Katika chombo cha plastiki, aina zote mbili hunata chini, hurefuka na kuchongoka kwenye ncha, kisha huongezeka. Hadubini ya kawaida haiwezi kutoa hukumu.

Mwaka 2006 Jumuiya ya Kimataifa ya Tiba ya Seli iliweka vigezo vitatu vya seli za kundi hili: zinate kwenye plastiki, asilimia 95 au zaidi ziwe na protini CD73, CD90 na CD105, na zikose nyingine kama CD45, tena ziweze kugeuka kuwa seli za mfupa, mafuta na gegedu. Hata hivyo, faibroblasti nazo hunata, na protini hizo tatu zimo kwazo pia. Kinachosalia ni mwenendo. Na kwa kuwa sampuli ya shahamu huweza kuchanganyika na faibroblasti, mwenendo huo hauna budi kuthibitishwa katika kizazi cha seli moja iliyooteshwa peke yake.

Mwanaisimu hatalistaajabia jambo hili. Kipofu na kiziwi yana ki- kama kitabu, lakini twasema "kipofu amefika". Anayetazama kiambishi cha nomino tu atakosea. Upatanisho wa kisarufi ndio unaoamua.

Yupo atakayesema kwamba jina ni lebo tu. Sikubaliani naye. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari za wagonjwa watatu katika jimbo la Florida, Marekani, waliodungwa machoni seli zilizotokana na shahamu yao wenyewe, wakapata madhara makubwa ya uoni. Katika anwani ya makala hiyo, waandishi waliyatia maneno "seli shina" ndani ya alama za mtajo. Sidai kwamba jina ndilo lililowadhuru. Nasema kwamba mgonjwa hutoa ridhaa yake kwa kutegemea jina, na jina hili humwahidi uponyaji kabla ya ushahidi kupatikana. Mwaka huo huo Arnold Caplan, ambaye mwaka 1991 ndiye aliyetangaza jina "seli shina za mesenkaima", alitaka jina hilo liachwe.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, seli za shahamu zilizonata chomboni ziitwe "seli kiunzi za shahamu", na istilahi "seli shina" ihifadhiwe kwa zile ambazo uwezo wao wa kujizalisha upya na kugeuka umethibitishwa. Pili, tutumie "shahamu" badala ya "mafuta", neno ambalo kwetu hutaja pia mafuta ya taa na ya kupikia.

Kiswahili hakijafungwa na mazoea ya majina haya kama zilivyofungwa lugha zilizotangulia. Watunga kamusi na wanafunzi wetu wa uzamili wasiishie kuuliza neno la kigeni linatafsiriwaje. Waulize pia limethibitishwa kwa kipimo gani.